Jina Halimo: Lugha ya Kushindwa Kufungua Faili katika Programu za Mfumo

Mjadala juu ya Kiswahili cha kompyuta kwa miaka mingi umetawaliwa na nomino. Wako wanaotetea tarakilishi, wako wanaotetea ngamizi, na wako, nao ndio wengi, wanaosema kompyuta bila ya kumwomba mtu radhi. Mabishano hayo yana faida yake, na hapana haja ya kuyabeza. Hata hivyo, mtumiaji wa mashine hakutani na nomino ikiwa peke yake. Hukutana na sentensi, na aghalabu sentensi hiyo humfikia wakati kazi yake imekwama. Mojawapo ya sentensi zinazomfikia mara kwa mara ni ile inayomwarifu kwamba faili alilolitaka halikufunguliwa. Makala haya yanaichunguza sentensi hiyo moja: inatoka wapi, inajua nini, na Kiswahili kinaweza kuitamka vipi pasipo kusema uongo.

Na ichukuliwe kwanza masjala ya ofisi yoyote ya serikali. Mkubwa wa ofisi anamtuma karani akamletee faili. Karani anakwenda, anarudi mikono mitupu, anasema, "Hakuna." Jibu hilo halimtoshi mkubwa hata kidogo. Je, jina la faili halimo katika daftari la masjala? Je, limo, lakini faili lenyewe ni la siri na karani hana idhini ya kuligusa? Je, chumba chenyewe kimefungwa, hata karani hakuweza kujua kilichomo? Au karani alikuwa amekwisha kubeba mafaili mengi, hakubaki na mkono wa kubebea jingine? Kila mojawapo ya sababu hizo inadai hatua tofauti. Katika ya kwanza mkubwa atasahihisha jina. Katika ya pili ataomba idhini. Katika ya tatu atatafuta ufunguo. Katika ya nne atamwambia karani autue mzigo. Karani aliyesema "hakuna" amemwacha mkubwa wake abahatishe, na pengine achague hatua iliyo mbaya kupita zote, yaani kuagiza faili jipya lianzishwe ilhali la zamani lingalipo.

Karani wa kompyuta ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi iitwayo kiini. Programu haiendi yenyewe kwenye diski. Hukiomba kiini kiifungulie faili, na katika ombi hilo hutaja jina la faili pamoja na nia yake, kama ni kusoma, kuandika au yote mawili. Utaratibu huu ulijengwa katika Unix, mfumo ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell Labs huko Marekani mwaka 1969, nao ukafuatwa na Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kwa kuwa kiini cha Linux ndicho kilichomo ndani ya simu za Android, utaratibu huu leo umo mifukoni mwa watu wengi wa Afrika Mashariki ambao hawajapata kulisikia jina la Unix.

Ombi likikubaliwa, kiini hurudisha namba ndogo isiyopungua sifuri, na programu huitumia namba hiyo kulishikia faili tangu hapo. Ombi likikataliwa, programu hupata -1, na sababu huandikwa pembeni, mahali panapoitwa errno, nayo pia kwa namba. Namba 2, inayojulikana kwa watunzi wa programu kwa alama ENOENT, ni ya jina lisiloonekana. 13, EACCES, ni ya kunyimwa ruhusa. 24, EMFILE, ni ya programu iliyokwisha kushika mafaili kufikia kikomo chake. 28, ENOSPC, ni ya diski iliyojaa. 30, EROFS, ni ya hifadhi iliyowekwa iwe ya kusomwa tu. Ziko nyingine, lakini hizi zinatosha kwa hoja iliyopo. Kiini, basi, hakisemi lugha yoyote, si Kiingereza wala si Kiswahili. Sentensi anayoisoma mtumiaji hutungwa na mtu mwingine, mbali na mahali tukio lilipotokea, na kwa kawaida miaka mingi kabla ya tukio lenyewe.

Hapo ndipo penye mambo. Mahali pa errno pafaa kufananishwa na kibao cha chaki. Programu ina kibao kimoja tu (au, ikiwa ina mikondo mingi ya kazi, kila mkondo una chake), na kila ombi litakaloshindwa baadaye laweza kufuta kilichoandikwa na kuandika lake. Vilevile ombi linalofaulu si lazima likisafishe; chaki ya jana yaweza kubaki. Mtunzi wa programu mwangalifu hutazama kwanza kama amerudishiwa -1, kisha hunakili namba ya kibao papo hapo, kabla ya kutenda jambo jingine lolote, hata kama jambo hilo ni kumwandikia mtumiaji neno moja.

Wasiofuata kanuni hiyo wameacha kumbukumbu ya kuchekesha. Maktaba ya Unix ilikuwa na desturi ya kuuliza, kabla ya kuandika kitu kwa mara ya kwanza, kama kinachoandikiwa ni kifaa cha kuchapia kilichounganishwa na kompyuta, kwa maana siku zile watu walizungumza na kompyuta kwa mashine za namna hiyo. Jibu likiwa la kukana, kibao kiliandikwa 25, ENOTTY, na maneno yaliyowekewa namba hiyo yalikuwa "Not a typewriter", yaani si taipureta. Ikawa programu imeshindwa kufungua faili, ikaanza kuchapa maneno mawili matatu ya utangulizi, ndipo ikakitazama kibao. Mtumiaji akaarifiwa kwamba faili lake halikufunguliwa kwa sababu si taipureta. Maneno hayo yamebadilishwa katika mifumo mingi ya baadaye, lakini kosa lililoyazaa halikufa. Tafsiri iliyo bora kupita zote haiwezi kuokoa ujumbe uliosoma kibao kilichofutwa.

Hakuna, haliko, halipo, halimo

Maneno ya Kiingereza yaliyopewa namba 2 ni "No such file or directory". Mfasiri wa haraka ataandika "Hakuna faili au saraka kama hiyo", akitumia saraka kwa maana ya orodha inayohifadhi majina ya mafaili. Sentensi hiyo ina kasoro mbili za wazi. "Kama hiyo" kwa Mswahili ni ya kufananisha, naye mtumiaji hakutaka faili linalofanana na jingine; na baada ya "hakuna" Kiswahili hudai "wala". Hizo ni kasoro za kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kasoro ya tatu ni kubwa zaidi, nayo ni kwamba sentensi inadai jambo ambalo kiini hakikuliona.

Katika Unix faili halikai ndani ya saraka. Kinachokaa humo ni jina, pamoja na namba inayoelekeza lilipo faili lenyewe. Faili moja laweza kuwa na majina mawili au zaidi katika saraka mbalimbali. Tena laweza kunyang'anywa majina yake yote na bado likaendelea kuwapo, maadamu iko programu iliyolishika. Alama ENOENT yenyewe inakiri hivyo, kwani sehemu yake ya mwisho imekatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya ingizo katika orodha. Kiini kilipekua orodha, ingizo hakikuliona. Hakikutoa hukumu kwamba faili halipo duniani.

Kiswahili kimejaliwa viambishi vitatu vya mahali ambavyo wanaisimu wamekwisha kuvieleza kwa urefu, -po ya mahali dhahiri, -ko ya mahali pasipo dhahiri na -mo ya ndani. Ni ajabu kwamba mali hii haikutumiwa mahali ambapo ingefaa kupita pengine pote. "Hakuna faili" inakanusha kuwako kwake kabisa. "Faili haliko" inakanusha kwa upana, na masikioni mwa wengi inaleta fikira ya kupotea. "Faili halipo" ni afadhali, kwa kuwa inakanusha kuwapo mahali palipotajwa tu, lakini bado inazungumza juu ya faili. "Jina halimo" ndiyo sentensi inayolingana na tukio. Inataja kilichotafutwa, ambacho ni jina, na inataja namna ya mahali pake, ambapo ni ndani ya orodha. Kiingereza kingehitaji maneno kadha wa kadha kufika hapo. Kiswahili kinafika kwa silabi moja.

Huenda pakawa na msomaji atakayeona kwamba huku ni kuchambua unywele. Basi na atazame hali mbili. Ya kwanza ni ya kiungo, yaani faili dogo lisilobeba kitu ila jina la faili jingine. Faili lile jingine likifutwa, kiungo hubaki. Mtumiaji akiorodhesha saraka, jina la kiungo analiona kwa macho yake. Akilifungua, anapewa namba 2. Akiambiwa "hakuna faili" ataishuku mashine, maana anachoambiwa hakipo anakitazama. Akiambiwa kwamba jina ambalo kiungo kinalielekeza halimo, atajua pa kwenda.

Ya pili ni ya mtu anayehifadhi kazi mpya. Ameiambia programu iunde faili ambalo halijapata kuwapo, katika saraka ambayo, kwa kosa la herufi moja, haipo. Jibu la kiini ni namba ileile 2. Programu nyingi humwambia mtu huyo kwamba hakuna faili. Yeye anajua sana kwamba hakuna faili. Ndiyo sababu anataka kuliunda. Mtu wa namna hii, akiwa amekwisha kuchapa kazi ya mchana kutwa, huona maneno hayo akadhani kazi imepotea, akaifunga programu, na hapo ndipo inapopotea kwelikweli. Sentensi iliyomdhuru haikuwa na neno moja gumu la kitaalamu.

Inabaki ugumu mmoja wa haki. Njia ya kulifikia faili, mathalani /kazi/2019/mishahara, ina majina kadhaa, na kiini hakisemi ni lipi lililokosekana. Programu ikitaka kusema "jina 2019 halimo katika saraka /kazi" yapasa iifuate njia hiyo yenyewe, jina baada ya jina kutoka juu, baada ya kushindwa. Ni kazi ndogo na inafaa kufanywa. Isipofanywa, uaminifu unadai sentensi isiyozidi kile kinachojulikana: "njia /kazi/2019/mishahara haikufika kwenye faili lolote". Wakati uliopita umechaguliwa hapo kwa kusudi. Baina ya kupekua na kusomwa kwa ujumbe, programu nyingine yaweza kuwa imeliweka jina. Kwa sababu hiyohiyo si busara programu kuuliza kwanza kama jina limo, kisha kulifungua kwa kutegemea jibu. Kuomba kufunguliwa ndiko kuuliza kwenyewe.

Anayenyimwa ni nani

Namba 13 kwa Kiingereza husemwa "Permission denied". Sentensi hiyo haina mtenda wala mtendwa, na Kiingereza cha matangazo kinaistahimili. Tafsiri yake ya neno kwa neno, "Ruhusa imekataliwa", ina ubaya wa kutoeleweka upande wake, kwani msikilizaji wa Kiswahili atafahamu kwamba ruhusa ilitolewa, mtu akaikataa. Kitenzi kinachofaa ni -nyima, na -nyima kwa kawaida humweka mtu, si kitu, katika nafasi ya kiima kinapotendwa. Mtu hunyimwa ruhusa. Sarufi basi inamlazimisha mfasiri kujibu swali ambalo Kiingereza kililikwepa, nalo ni nani aliyenyimwa.

Wengi wangejibu kwa nafsi ya pili: "Umenyimwa ruhusa", au kwa upole zaidi, "Huruhusiwi kufungua faili hili". Jibu hilo ni sahihi pale tu ambapo programu inatenda kwa jina la huyo anayeisoma sentensi. Lakini programu za mfumo mara nyingi hutenda kwa akaunti nyingine. Ile inayopeleka kazi kwenye mashine ya kuchapa, au inayohifadhi barua, huwa na akaunti yake, na huenda ikanyimwa faili ambalo mtumiaji mwenyewe ana haki zote juu yake. Kumwambia mwenye faili kwamba haruhusiwi ni kumsingizia. Afadhali iandikwe "programu imenyimwa ruhusa ya kulisoma faili hili", na ikiwezekana itajwe akaunti ambayo programu ilikuwa ikiitumia. Kutaja kusoma au kuandika pia si anasa, maana Unix huzitenganisha ruhusa hizo, na faili laweza kukubali moja likakataa nyingine.

Namba hii ina mtego wake. Saraka ikiwa imefungwa isipekuliwe, kiini hujibu 13 kama jina limo na hujibu 13 vilevile kama halimo. Ni kile chumba cha masjala kilichofungwa. Kwa hiyo sentensi ya kutaka kusaidia, kama "faili limo lakini limefungwa", yaweza kuwa uongo mtupu. Wako wanaosema kwamba hali hii yafaa kuigwa kila mahali, ujumbe uwe wa mafumbo ili mwizi asipate fununu, kama vile mfumo usivyomwambia mgeni langoni ikiwa alichokosea ni jina au ni neno la siri. Hoja hiyo ina nguvu langoni, mbele ya mtu asiyejulikana. Ndani ya nyumba, kwa mtu aliyekwisha kutambuliwa na anayefanya kazi katika saraka zake mwenyewe, ni kumwadhibu mwenyeji kwa dhambi za mwizi.

Wagonjwa hawapo

Desturi ya Unix ni kuuunda ujumbe kwa vipande viwili. Programu hutoa jina la faili, hutia nukta pacha, kisha huambatanisha maneno ya maktaba yaliyowekewa namba ya kibao. Mfasiri naye hupewa vipande hivyo katika orodha mbili mbalimbali, pengine na miradi miwili isiyojuana, bila ya kuviona vikiwa pamoja. Lugha isiyo na ngeli huvumilia mshono huo. Kiswahili hakivumilii.

Kwanza lipo suala la faili lenyewe. Baadhi ya wasemaji huliweka katika ngeli ya li-ya, faili na mafaili, na wengine katika ya i-zi. Saraka iko i-zi bila ya ubishi. Kipande cha maktaba kilichoandikwa "halimo" hakitakaa vizuri na saraka, na kilichoandikwa "haimo" kitawaudhi wenye mafaili. Lakini hilo ni dogo. Jina la faili huchaguliwa na mtumiaji, na watumiaji hulitoa katika ngeli yoyote. Karani wa hospitali ameliita faili lake wagonjwa. Ujumbe ukimjia "wagonjwa: halipo", sikio linaumia, ukimjia "wagonjwa: hawapo", sarufi imeponyeka lakini habari ni ya kutisha. Kichwa cha ngeli, basi, lazima kiandikwe ndani ya sentensi, kabla ya jina: "faili 'wagonjwa'", "saraka 'wagonjwa'", "jina 'wagonjwa'". Hapo upatanisho unakuwa na kitu cha kushika.

Kipande cha mwanzo nacho kina uchaguzi wake. "Faili halikufunguka", kwa kauli ya kutendeka, inalitwika faili lawama, kama mlango uliokwama kwa kutu. "Faili halikufunguliwa" inaacha wazi, pengine hapana hata aliyejaribu. "Programu imeshindwa kulifungua faili" inamtaja aliyejaribu na inakiri kwamba jaribio lilifanyika, nayo ndiyo inayostahili kupendekezwa ijapokuwa ni ndefu.

Namba 24 inaonyesha vizuri zaidi ubaya wa mshono. Katika Unix ya toleo la 7, ya mwaka 1979, programu moja haikuweza kushika mafaili zaidi ya 20 kwa wakati mmoja, na matatu kati ya nafasi hizo kwa kawaida yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na njia za kusomea, kuandikia na kutolea taarifa za makosa. Mifumo ya leo ina vikomo vikubwa zaidi, lakini programu inayosahau kuyafunga mafaili itavifikia tu. Siku hiyo ujumbe husema "mishahara: mafaili mengi mno yamefunguliwa", na mhasibu akaanza kulichunguza faili la mishahara, ambalo halina kosa lolote ila kuwa ndilo lililoombwa mwisho. Ujumbe huo haukupaswa kuanza kwa jina la faili hata kidogo. "Programu imefikia kikomo cha mafaili inayoweza kuyashika kwa pamoja; haikuweza kulifungua faili 'mishahara'": mpangilio huo unaweka kosa lilipo, na jina linafuata kama habari ya ziada.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, na ikathibitika kwamba wafasiri wa kazi hiyo wanapatikana na wanaweza. Mambo yaliyoelezwa hapa hayamo katika uwezo wa mfasiri peke yake. Mtu aliyepewa "%s: %s" atafsiri hana la kutafsiri. Anahitaji mtunzi wa programu ampe sentensi nzima kwa kila namba ya kosa, pamoja na maelezo ya kila nafasi iliyoachwa wazi, kama itajazwa jina la faili, la saraka au la akaunti, na kama programu ilikuwa ikisoma, ikiandika au ikiunda kitu kipya. Na mtunzi wa programu hawezi kujua kwamba hayo yanahitajika mpaka aambiwe na mtu anayejua ngeli.